Sura Juu ya Gome la Mutuba: Michael Armitage na Watu wa Ziwa

Tarehe 12 Februari 2018, mjini Washington, kitambaa kiliondolewa juu ya picha ambayo Wamarekani walikuwa wakiingoja: Barack Obama kwa mkono wa mchoraji Kehinde Wiley. Rais mstaafu ameketi kwenye kiti cha mbao, mikono kaikunja juu ya magoti, kainama mbele kidogo kama afanyavyo mtu anayesikiliza. Nyuma yake hakuna ofisi wala bendera. Kuna majani mabichi tele, na ndani ya majani hayo maua ya aina tatu: asumini za Hawaii alikozaliwa, krisanthemumu za Chicago alikoanzia siasa, na yungiyungi za buluu za Afrika kwa ajili ya Kenya ya baba yake. Kaburi la baba huyo liko Nyang'oma Kogelo, Siaya, safari ya saa moja na ushei kwa gari kutoka hapa Kondele, Kisumu.

Mwaka mmoja kabla ya siku hiyo, mchoraji mwingine alimchora mtu mwingine wa Siaya. Hakuna serikali iliyoagiza picha hiyo, wala hakuna kamera zilizojipanga kuingoja. Inaitwa "Conjestina". Aliyechorwa ni Conjestina Achieng, bondia wa Gem. Aliyechora ni Michael Armitage, mzaliwa wa Nairobi. Mhadhara huu unamhusu Armitage, maisha yake na kazi yake. Unaanzia kwa hao wawili wa Siaya kwa sababu kati yao lipo swali ambalo kila mchoraji wa sura za watu hulijibu, apende asipende: nani achorwe, na achorwe katika saa ipi ya maisha yake?

Obama alichorwa akiwa amemaliza kazi, ameshinda, ameheshimiwa. Conjestina naye alikuwa na siku zake za ushindi. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 jina lake lilijaa redioni. Alikuwa mwanamke wa kwanza wa Afrika kushika taji la kimataifa la ndondi, na mashabiki wakambandika jina la Mikono ya Mawe. Kisha akaugua maradhi ya akili. Wapiga picha waliokuwa wakimfuata ulingoni wakaanza kumfuata kijijini, na Wakenya wakamwona tena magazetini na kwenye televisheni, safari hii akiwa mgonjwa, mkono mtupu, akizungumziwa kuliko alivyozungumza mwenyewe. Wahisani walikuja, wakapigwa picha naye, wakaondoka.

Hapo ndipo brashi ya Armitage ilipomkuta, na haikumkuta kwa huruma ya aina ile. Katika picha, Conjestina ana glavu zake mikononi. Taji limekwenda, afya imeyumba, lakini aliyesimama mbele ya mtazamaji ni bondia. Picha ilitundikwa London katika South London Gallery, kwenye maonyesho ya Armitage yaliyoitwa "The Chapel", yaliyofunguliwa mwishoni mwa 2017. Ukumbi ule ulibeba kazi zilizohusu imani, wazimu, na namna jamii inavyowatazama wanaougua akili. Mojawapo, "Exorcism", ilionyesha wanawake wakipungwa pepo kwa wingi Tanzania. Mwingereza aliyeingia mle hakuwa amewahi kusikia habari za Gem. Alikutana na mwanamke mwenye glavu, na ikambidi amtazame kwanza kabla ya kusoma alivyoanguka.

Mpangilio huo wa mambo, mtu kwanza na mkasa baadaye, ndio kazi nzima ya Armitage. Habari hufanya kinyume. Habari humleta mtu kwa sababu ya mkasa wake, na mkasa ukichuja naye anatoweka. Mchoraji wa sura huchukua mtu ambaye habari zimemvua uso, akamrudishia.

Kondele inalifahamu jambo hili kuliko mtaa mwingine wowote wa Kisumu. Kila uchaguzi unapofika, magari ya televisheni huegeshwa karibu na raundabauti, chini ya daraja la juu, kamera zikielekezwa mahali tairi zitakapochomwa. Nchi nzima huona moshi, mawe barabarani na vijana wanaokimbia. Haioni fundi wa viatu anayefungua banda alfajiri, haioni mama anayeelekea soko la Kibuye na mzigo wa mitumba, haioni mtu aliyetoka zamu ya usiku katika hospitali ya rufaa, ile ambayo wakazi bado wanaiita Russia kwa kuwa ilijengwa kwa msaada wa Wasovieti. Hospitali hiyo yenyewe ilifunguliwa kwa damu: tarehe 25 Oktoba 1969, Rais Jomo Kenyatta alipokuja kuizindua, akarushiana maneno makali hadharani na Jaramogi Oginga Odinga, kiongozi wa upinzani, na walinzi wakaufyatulia risasi umati. Waliokufa siku ile waliingia katika historia kama idadi, na idadi yenyewe bado inabishaniwa. Nyuso zao ni wachache waliozichora.

Maisha ya Armitage yanasimulika haraka hadi pale anapokutana na gome la mti. Alizaliwa Nairobi mwaka 1984, mama Mkikuyu, baba Mwingereza wa Yorkshire. Alikulia Kenya, akaenda kusoma Uingereza: shahada ya kwanza katika Slade, London, mwaka 2007, kisha shule ya Royal Academy aliyomaliza mwaka 2010. Huko alifundishwa yale yanayofundishwa wachoraji wa Ulaya, na alijifunza vizuri. Velázquez, Titian, Goya, Manet, Gauguin: majina hayo yamo ndani ya kazi zake zote, na hafichi.

Tatizo lake lilikuwa turubai. Kitambaa cha kitani kilichovutwa juu ya fremu ya mbao kimebeba miaka mia kadhaa ya uchoraji wa Ulaya, na kijana wa Nairobi aliyetaka kuwachora watu wa kwao alihisi kila anachokiweka pale kinageuka kuwa cha Ulaya. Mwaka 2010 hivi, katika soko la watalii jijini Nairobi, aliona vipande vya kitambaa cha rangi ya udongo vikiuzwa kama mapambo ya meza. Alipofuatilia kilikotoka, njia ilimpeleka Uganda.

Kitambaa hicho ni lubugo, na inafaa kukitazama kwa karibu, maana bila hicho huwezi kuielewa picha hata moja ya Armitage. Mti wenyewe ni mutuba, jamii ya mitini, unaopandwa na Waganda kando ya migomba. Mvua zinapokuwa nyingi na utomvu unapopanda, fundi huukata mti mkato wa mviringo juu na mwingine chini, akapasua gome kwa urefu, akalibandua taratibu kutoka kwenye shina mpaka litoke zima. Shina lililobaki uchi hufungwa majani ya mgomba lisikauke, na gome jipya linaota; mti mmoja unaweza kuvunwa mwaka baada ya mwaka kwa miongo kadhaa. Gome hulainishwa kwa maji moto au mvuke, kisha hupigwa juu ya gogo chini ya banda lisilo na kuta, kwa nyundo za mbao zenye mifereji, kuanzia ile ya mifereji mipana hadi ile ya mifereji myembamba. Hupigwa kwa saa nyingi. Gome la upana wa mikono miwili hutanuka likawa kitambaa cha kuweza kumfunika mtu. Likianikwa juani rangi yake hubadilika kuwa ya kahawia nyekundu.

Wafalme wa Buganda walivikwa lubugo siku ya kutawazwa, na waliokufa walizikwa ndani yake. Katika makaburi ya Kasubi, kabla ya moto wa Machi 2010 na katika ujenzi uliofuata, pazia la lubugo ndilo linalotenga walio hai na mahali wanapopumzika makabaka, yaani wafalme hao. Mwaka 2005 UNESCO ilitangaza ufundi huo kuwa miongoni mwa urithi mkuu wa binadamu usioshikika kwa mkono. Kwa hiyo kilichokuwa kikiuzwa Nairobi cha kuwekea vikombe kilikuwa sanda ya wafalme. Armitage ameeleza mara nyingi kwamba mgongano huo ndio uliomvuta: kitu kitukufu kilichogeuzwa zawadi ya mtalii.

Ila lubugo haichoreki kirahisi. Turubai ni nyororo na imenyooka. Gome lina mashimo pale tawi lilipochipuka, lina mishono pale fundi alipoziba mpasuko, lina makunyanzi yanayobaki hata likivutwa kwa nguvu zote. Rangi ya mafuta hunywewa hapa, hapa ikateleza. Armitage hupaka, akakwangua, akapaka tena juu yake. Tundu likiangukia tumboni mwa mtu au kwenye anga ya picha, analiacha. Mtazamaji anayesogea karibu anakuta shavu la mtu limepitiwa na mshono, nyuzi zikionekana, na ukuta mweupe wa jumba la maonyesho ukichungulia kupitia kwenye shimo. Mchoraji wa kawaida wa picha za sura husaka ngozi laini. Huyu huanza kazi juu ya ngozi yenye makovu, na makovu yakawa sehemu ya mtu.

Tazama basi mambo yalivyokutana. Gome linatoka ng'ambo ya ziwa hili hili la Viktoria, Nam Lolwe kwa Wajaluo na Nalubaale kwa Waganda. Bondia anatoka upande wa huku. Picha iliyotundikwa London imetengenezwa kwa mti na kwa mtu wa ziwa moja.

Wako wanaosema Armitage si mchoraji wa sura kwa maana halisi, na hoja yao ina uzito. Mchoraji wa sura, kwa desturi ya karne nyingi, hukaa chumba kimoja na anayechorwa. Anayechorwa hukaa saa kadhaa bila kutikisika, hulipa au hulipiwa, na mwisho picha huenda kwake au kwa taasisi yake, kama ya Wiley ilivyokwenda katika makumbusho ya taifa ya Marekani. Armitage hapokei maagizo ya namna hiyo. Watu wake anawaokota katika taarifa ya habari, katika video inayozunguka kwenye simu, katika kumbukumbu ya utotoni, katika kisa alichosimuliwa barabarani. Wengi hawajui kuwa wamechorwa.

Lakini desturi ile ya kukaa chumbani iliwafaa wenye nafasi ya kukaa. Mwuza mboga wa Kibuye hana alasiri tatu za kumpa mchoraji. Kama sura zingechorwa za wanaojileta wenyewe tu, makumbusho ya dunia yangejaa magavana na wake zao, na kwa hakika mengi yamejaa hao hao. Armitage amegeuza utaratibu: yeye ndiye anayemwendea mtu, tena anamwendea pale mtu alipodhalilishwa.

Mfano mzito zaidi ni picha ya mwaka 2015 iitwayo "#mydressmychoice". Novemba 2014, katika kituo cha matatu Nairobi, kundi la wanaume lilimvua nguo mwanamke mmoja kwa madai kwamba amevaa isivyo adabu. Video ikasambaa. Wanawake waliandamana jijini tarehe 17 mwezi huo, wakidai haki ya kuvaa watakacho, na kauli yao ndiyo iliyoipa picha jina. Armitage alimchora mwanamke akiwa amelala kwa ubavu, mgongo kwetu, katika mkao ambao kila anayejua uchoraji wa Ulaya anautambua: ni mkao wa Zuhura aliyechorwa na Velázquez katika karne ya 17, picha iliyoko National Gallery, London. Juu yake, pembeni kabisa mwa picha, inaonekana safu ya miguu na viatu vya wanaume. Hawana nyuso.

Huo ndio uamuzi wa maana. Velázquez alimpa mtazamaji mwanamke wa kutazama kwa raha. Armitage anampa mtazamaji mwanamke yule yule, kisha anamwonyesha amesimama wapi: miongoni mwa viatu vile. Aliyedhalilishwa amepewa mwili kamili, uzito na nafasi. Waliodhalilisha wamebaki soli na kamba. Wapo wanaouliza kama ni haki kumchora uchi mwanamke aliyevuliwa nguo kwa nguvu, na swali hilo halifai kupuuzwa. Jibu la picha ni hizo soli. Ukiziondoa, kazi inakuwa dhuluma ya pili. Zikiwepo, inakuwa ushahidi.

Katika Metropolitan Museum ya New York ipo "Necklacing" ya mwaka 2016: mwanamume aliyevishwa tairi shingoni, adhabu ambayo umati wa mitaani umewapa wengi wanaoshukiwa wizi. Anatutazama usoni. Hakuna kiberiti pale, hakuna umati, hakuna kinachosema kama aliiba au hakuiba. Yupo mtu na yapo macho yake.

Mwaka 2017 ndio mwaka uliomfunga Armitage na siasa za ziwa. Wakenya walipiga kura tarehe 8 Agosti. Baada ya matokeo kutangazwa, polisi waliingia mitaa ya Kisumu, Kondele na Nyalenda zikiwemo, na mtoto mchanga wa miezi sita akafa kutokana na kipigo alichopata ndani ya nyumba ya wazazi wake usiku. Septemba mosi Mahakama ya Juu ikafuta uchaguzi wa rais. Marudio yalifanyika tarehe 26 Oktoba. Kisumu, Siaya, Homa Bay na Migori hazikupiga kura. Hayo yanajulikana hapa bila kuhadithiwa.

Katika msimu huo Armitage alifuatana na kikosi cha televisheni cha Kenya hadi mkutano wa upinzani uliofanyika bustani ya Uhuru, Nairobi. Waandishi walikwenda kuchukua hotuba. Yeye alitazama waliokuja kusikiliza: waliopanda miti ili waone, waliovaa vitu vya ajabu, waliocheza, waliopiga kelele, walionyamaza. Kutoka siku hiyo kilizaliwa kikundi cha picha kubwa kilichomchukua hadi 2019 kukimaliza. Mojawapo, "The Fourth Estate", inaonyesha watu wamejaa kwenye matawi ya mti. Mpangilio wake unakumbusha kazi ya Goya, Mhispania aliyechora kundi la watu wameketi juu ya tawi katika mfululizo wa michoro yake ya mwisho. Lakini waliomo mtini ni wa kwetu. Ni mashabiki ambao mkazi yeyote wa Kondele amewaona kila mara Raila Odinga, kiongozi wa upinzani huo, aliposimama juu ya gari lake.

Mwaka 2019 picha hizo zilitundikwa Venice, katika maonyesho makuu ya Biennale, mahali ambapo wachoraji wa dunia hupimwa. Wageni waliopita pale hawakujua tofauti ya muungano mmoja wa siasa za Kenya na mwingine. Walichokiona ni umati wenye watu ndani yake, kila mmoja na hali yake. Hii ndiyo sababu neno "sura" linafaa hata kwa picha zake zenye watu wengi. Hajaruhusu umati umeze mtu. Katika jiji letu, ambako umati umekuwa jina la pili la wakazi, hiyo ni heshima ambayo hakuna kamera ya habari imewahi kuitoa kwa ukamilifu.

Aliendelea hivyo hivyo na pwani. Tarehe 27 Machi 2020, siku ya kwanza ya kafyu ya korona, polisi waliwapiga wasafiri waliokuwa wakingoja feri Likoni, Mombasa. Armitage aliichora siku hiyo na kuipa picha tarehe yake kuwa jina: "Curfew (Likoni March 27 2020)". Hati za serikali huandikwa tarehe ili mambo yasije yakakanushwa baadaye; picha hii imeandikwa tarehe kwa sababu hiyo hiyo.

Kuhusu fedha, maneno machache yatosha. Novemba 2019 picha yake ya 2015, "The Conservationists", ilipigwa mnada New York na Sotheby's. Ilikadiriwa kufika dola 50,000 hadi 70,000. Iliuzwa kwa dola milioni 1.5 na zaidi kidogo. Magazeti ya Kenya yaliandika bei, na wengi wakadhani mchoraji ametajirika usiku ule, ilhali fedha za mnada huenda kwa mwenye kuuza, yaani aliyekuwa ameinunua awali. Kilichobadilika kwa Armitage ni jina lake, na jina hilo amelitumia vizuri kuliko wengi.

Alilitumia kuwaita wazee. Makumbusho ya Haus der Kunst, Munich, ilipomwandalia maonyesho makubwa mwaka 2020, "Paradise Edict", hakukubali kuingia peke yake. Ndani ya maonyesho yale yaliwekwa mengine yenye jina la Kiswahili, "Mwili, Akili na Roho", ya kazi za wachoraji wa Afrika Mashariki waliomtangulia katika kuchora umbo la mtu. Yalipohamia Royal Academy, London, mwaka 2021, alikwenda nao tena: Elimo Njau, Mtanzania aliyezaliwa Marangu mwaka 1932, aliyechora kuta za kanisa la kumbukumbu la Murang'a mwishoni mwa miaka ya 1950 na kuanzisha Paa ya Paa jijini Nairobi mwaka 1965; Jak Katarikawe wa Uganda, aliyekuwa dereva kabla brashi haijamchukua, na aliyefariki Nairobi mwaka 2018; Theresa Musoke, Mganda aliyefundisha na kuchora pande zote mbili za mpaka; Asaph Ng'ethe Macua, Meek Gichugu na Sane Wadu. Kwa mara moja, Mzungu aliyekuja kuona kijana maarufu alilazimika kujua kwamba kijana ana ukoo.

Jambo hili lina uzito kuliko linavyoonekana. Baadhi ya wachoraji hawa kwa miaka mingi waliitwa "wasiosomea", wakauzwa kwa watalii na mabalozi katika majumba ya sanaa ya Nairobi, kazi zao zikasafirishwa nje bila kuandikwa zilikokwenda. Mtu akitaka leo kuona picha bora za Katarikawe za miaka ya 1970, Kenya si mahali pa kuanzia. Nchi ilipoteza sura zake yenyewe kwa rejareja.

Mcheza kwao hutuzwa, na Armitage alirudi. Mwaka 2020 aliasisi Nairobi Contemporary Art Institute, taasisi isiyo ya biashara, na mwanzoni mwa 2022 ikafungua milango kwa umma katika jengo la maduka la Rosslyn Riviera. Maonyesho ya kwanza hayakuwa yake. Yalikuwa ya Sane Wadu, mwalimu wa zamani aliyeacha kazi ya mshahara akachore, na watu wakamwona kichaa kwa kufanya hivyo. Kazi za miongo yake yote zilikusanywa mahali pamoja. Baadaye ikafuata zamu ya Chelenge Van Rampelberg, mwanamke anayechonga miti na kuchora. Kuandaa maonyesho ya namna hiyo ni kazi ya kutafuta: kupiga simu kwa walionunua miaka thelathini iliyopita, kukopa picha, kuziandikia tarehe, kuchapisha kitabu kidogo ili mwanafunzi wa kesho asianze na mikono mitupu.

Hapa Kisumu, nyuso za kuchorwa zipo kila kona. Vinyozi wa Kondele wana kuta zenye vichwa vilivyochorwa kwa rangi ya nyumba, mtindo wa kila unyoaji na sura yake. Matatu zinapita na wachezaji mpira, wanamuziki na wanasiasa ubavuni, na kwenye mlango wa nyuma mara nyingi yupo Raila, au "Baba" kama anavyoitwa. Mafundi wa mabango waliozichora wanajua jinsi ya kushika mfanano wa mtu kutoka picha ndogo ya simu, chini ya jua, mwenye gari akiharakisha. Ufundi huo si mdogo. Anachowazidi Armitage si mkono pekee. Ana muda wa kukwangua na kuanza upya, ana makumbusho aliyoyatembelea akiwa mwanafunzi, ana wazee aliowasoma. Mambo hayo matatu yanaweza kuletwa Kisumu, na hakuna lisilowezekana hata moja.

Makumbusho ya Kisumu yapo tangu 1980. Wanafunzi hupelekwa kuona nyoka, mamba, simba aliyerukia mnyama, na boma la Kijaluo lililojengwa uani na nyumba za wake kwa utaratibu wake. Ukumbi wenye paa lisilovuja, ulinzi na hewa isiyo na unyevu mwingi unaweza kutengwa pale kwa maonyesho ya kazi za Armitage ya miezi miwili au mitatu. Gome la mutuba lenyewe halikuumbwa liogope hewa ya ziwa.

Picha ya kwanza ya kuombwa kwa mkopo ni "Conjestina". Inapaswa kuonekana katika jiji lililo karibu na Gem, na watu waliompigia makofi alipokuwa bingwa, na kwanza kabisa na yeye mwenyewe na jamaa zake, wakiwa wageni wa heshima na si kama habari. Aliyechorwa ana haki ya kusimama mbele ya sura yake na kusema kama anaikubali. Desturi ya zamani ya kukaa chumbani ilimpa haki hiyo. Utaratibu wa Armitage, pamoja na uzuri wake wote, haumpi, na hilo ndilo deni linalobaki katika kazi yake.

Mkopo wa picha hufanywa baina ya taasisi na taasisi, kwa barua. Barua hutaja ukumbi, tarehe, bima, na nani atalipa usafiri. Nairobi sasa kuna taasisi iliyoanzishwa na mchoraji mwenyewe, yenye watu wanaojua nani anashikilia kazi ipi na wapi. Barua ya kwanza iandikwe kutoka Kisumu, isainiwe na makumbusho pamoja na kaunti, na ndani yake iambatishwe orodha ya shule za Kondele, Manyatta na Nyalenda ambazo wanafunzi wake watapewa zamu ya kuingia bila kiingilio.